Saratani ya nyama laini: Usikubali kisu kabla ya mpango

JE, msomaji, kuna kinundu mwilini mwako ambacho umekwisha kukizoea? Huenda kiko begani, mgongoni au pajani, hakiumi, na ukikibonyeza kwa kidole kinateleza kidogo chini ya ngozi. Watu wengi wana vinundu kama hivyo. Aghalabu huwa ni mafuta tu yaliyojikusanya pamoja, na mtu anaweza kuishi navyo hadi uzeeni bila kudhurika. Wataalamu hukadiria kwamba vinundu visivyo na hatari ni vingi mara mia moja kuliko vile vya saratani.

Makala haya yanahusu hicho kimoja katika mia. Hatukusudii kukutia hofu. Tunakiandikia kwa sababu ugonjwa huu una kinaya chake: mgonjwa anaweza kupoteza mguu, au hata maisha, ilhali hakuchelewa kumwona daktari. Kilichomponza ni kupasuliwa haraka mno na mtu asiyejua anachokipasua.

Ugonjwa wenyewe huitwa sarkoma. Saratani nyingi tunazozisikia, kama vile ya matiti, ya mlango wa uzazi au ya umio, huanzia kwenye utando unaofunika viungo vya mwili na mirija yake. Sarkoma ya nyama laini ni tofauti. Huanzia kwenye zile nyama zinazoushikilia mwili na kuujaza, yaani misuli, mafuta, kano, neva na kuta za mishipa ya damu. Kuna aina zaidi ya 50, na hakuna sehemu ya mwili iliyo salama, ingawa paja ndilo linaloshambuliwa zaidi.

Hata hivyo, ukizijumlisha aina zote hizo, utapata takriban mgonjwa mmoja tu kwa kila watu wazima mia moja wenye saratani. Uhaba huo ndio unaoleta balaa. Daktari wa zahanati ya mtaani anaweza kufanya kazi miaka mingi, akatoa vinundu vya mafuta kwa mamia, asikutane na sarkoma hata mara moja. Siku atakapokutana nayo atafanya nini? Atafanya vile alivyozoea kufanya.

Hapa Kenya jina la sarkoma limejulikana zaidi kwa sababu ya sarkoma ya Kaposi, yale madoa na mavimbe ya rangi ya zambarau ambayo huwapata hasa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Hiyo ina njia zake za matibabu, hasa dawa za kupunguza makali ya virusi pamoja na kemo pale inapohitajika, na hatutaizungumzia leo. Itoshe kusema kwamba ukisikia mtu ana sarkoma, usikimbilie kudhani kuwa ana virusi. Sarkoma hizi nyingine hazina uhusiano huo, na minong'ono ya majirani inaweza kumfanya mgonjwa aufiche uvimbe ambao ungetibika.

Uvimbe wa kutiliwa shaka

Utajuaje basi kwamba uvimbe wako ni wa kutiliwa shaka? Huko Uingereza wananchi huambiwa waulinganishe na mpira wa gofu. Kwa kuwa si wengi wetu wanaocheza gofu, sisi tuseme yai la kuku. Uvimbe wowote unaofikia ukubwa wa yai, yaani kiasi cha sentimita 5, unafaa kuchunguzwa. Vivyo hivyo ule ulio ndani kabisa ya msuli, ule unaozidi kukua mwezi baada ya mwezi, na ule uliowahi kukatwa ukarudi pale pale. Hata dalili moja kati ya hizo inatosha kukupeleka hospitali kubwa. Usingoje maumivu. Sarkoma nyingi haziumi mpaka ziwe kubwa kiasi cha kubana neva, na hiyo ndiyo hila yake.

Jambo jingine linalowapotosha watu ni ajali. Mtu huanguka kutoka kwenye bodaboda, au hupigwa teke uwanjani, akaukanda mguu wake, na hapo ndipo anapogundua uvimbe. Tangu siku hiyo atasema uvimbe uliletwa na ajali. Mara nyingi ajali haikuuleta. Ilimfanya tu aushike mguu wake kwa makini kwa mara ya kwanza. Akiambiwa kwamba hiyo ni damu iliyoganda, na baada ya wiki kadhaa damu hiyo badala ya kuyeyuka inazidi kuwa kubwa, basi asikubali kuwa ni damu mpaka picha ithibitishe hivyo. Kuukanda kwa mafuta ya moto au kuuchanja kwa wembe hakusaidii kitu, na majeraha ya wembe huwapa kazi zaidi madaktari watakaofuata.

Kisu cha kwanza

Hebu tuchukue mfano wa mtu wa kubuni. Ni mwanamume wa miaka 45, muuzaji wa mitumba Gikomba, mwenye uvimbe wa ukubwa wa embe dogo ndani ya paja la kushoto. Anaenda zahanati iliyo karibu. Anaambiwa ni mafuta, anadungwa sindano ya ganzi, ngozi inapasuliwa, na uvimbe unatoka mzima mzima kama kokwa ya avokado inavyotoka katika tunda lililoiva. Daktari anafurahi na mgonjwa anafurahi. Anashonwa, nyama iliyotolewa inatupwa kwenye ndoo, na jioni yuko kwake. Hakuna aliyemwibia, wala hakuna aliyemkosea kwa kusudi.

Shida iko kwenye ule ulaini wa kutoka. Sarkoma inapokua huzisukuma na kuzibana nyama zilizo kando yake mpaka zikawa kama ganda. Kwa macho, ganda hilo huonekana kuwa mpaka safi kati ya ugonjwa na uzima. Kwa hadubini, linaonekana kuwa na chembechembe za saratani, na nyingine zimekwisha kulivuka na kujipenyeza mbele zaidi. Kwa hiyo anayeutoa uvimbe kama kokwa ya avokado huacha ugonjwa umelizunguka shimo lote. Isitoshe, damu inayovuja wakati wa kupasua huzibeba chembechembe hizo hadi sehemu za paja ambazo hazikuwa na ugonjwa. Miezi michache baadaye uvimbe unarudi, na safari hii si embe moja bali ni shada. Na kwa kuwa nyama ya kwanza ilitupwa, hakuna anayejua ilikuwa ya aina gani.

Madaktari wa saratani kote duniani wanaijua hali hii vyema. Si kwamba hairekebishiki. Mgonjwa kama huyo hupigwa picha upya, na aghalabu hupasuliwa tena kwa kukatwa eneo kubwa pamoja na kovu lote la zamani. Mara nyingi mabaki ya saratani hupatikana humo. Lakini lau angefuata utaratibu tangu mwanzo, angepasuliwa mara moja tu, na mpasuaji angekuwa na nyama ya kutosha ya kufunikia pengo.

Utaratibu wenyewe huanza bila kisu. Kwanza ni picha ya MRI ya sehemu iliyovimba, ambayo huonyesha uvimbe umefika wapi na umegusa mishipa gani. Kisha sindano nene hutumiwa kutoa vipande vichache vya nyama, vyembamba kama tambi. Hata mahali pa kuidunga sindano hiyo huchaguliwa kwa makini, na anayefaa kushauriwa ni mpasuaji atakayefanya ule upasuaji mkuu, kwani njia iliyopitiwa na sindano huenda ikakatwa na kutolewa pamoja na uvimbe. Vipande hupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, ambaye atasema ni sarkoma ya aina gani na ukali wake ni wa kiwango cha 1, 2 au 3. Mwisho ni picha ya CT ya kifua, kwa sababu sarkoma inapohama hupendelea kwenda mapafuni kuliko kwingineko.

Ni baada ya hayo ndipo mpasuaji, daktari wa mionzi na daktari wa kemo wanapopaswa kuketi pamoja, picha na majibu ya maabara yakiwa mezani, wakapanga nani aanze na nani afuate. Ukiambiwa uende kwa mmoja baada ya mwingine bila wao kuzungumza, una haki ya kuuliza ni lini watakapozungumza.

Mguu uliookolewa

Hapo zamani hapakuwa na mengi ya kupanga. Hadi miaka ya 1970, mtu aliyekuwa na sarkoma kubwa na kali ya paja alikatwa mguu, wakati mwingine hadi kwenye nyonga. Madaktari walikuwa wamejifunza kutoliamini lile ganda, na waliona ni heri kukata mbali nalo. Na bado wengi waliokatwa walifariki, kwa sababu chembechembe zilikuwa zimekwisha kufika mapafuni kabla ya msumeno kuletwa.

Mnamo 1975, Dkt Steven Rosenberg na wenzake katika Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani, iliyoko Bethesda, walianza kulipima swali hili: je, ni lazima mguu ukatwe? Walikuwa na wagonjwa 43 wenye sarkoma kali za mikono na miguu. Wakagawanywa kwa kura. Wagonjwa 16 walikatwa kiungo. Wale wengine 27 walitolewa uvimbe pamoja na nyama zinazouzunguka, kiungo kikaachwa, kisha wakapewa mionzi. Wote, wa huku na wa huku, walipewa kemo.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1982. Uvimbe ulirudi mahali pale pale kwa wagonjwa 4 kati ya wale 27 walioachiwa kiungo, ilhali haukurudi kwa yeyote kati ya waliokatwa. Lakini ilipohesabiwa idadi ya waliotarajiwa kuwa hai baada ya miaka mitano, makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa: asilimia 83 kwa walioachiwa kiungo na asilimia 88 kwa waliokatwa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Watu 43 ni wachache, na hilo limesemwa mara nyingi. Hata hivyo, tangu hapo mkondo uligeuka. Siku hizi, katika vituo vyenye ujuzi, wagonjwa wanaokatwa kiungo hawafiki 10 kwa kila 100 wenye sarkoma za mikono na miguu.

Siri ya mabadiliko hayo ni mgawanyo wa kazi. Kisu huondoa kinachoonekana. Mionzi huua chembechembe zisizoonekana zilizobaki karibu na pale palipokatwa. Kemo huzunguka na damu ikizitafuta zile zilizokwisha kuhama. Kila moja ina kazi yake, na ni hatari kuitarajia moja ifanye kazi ya mwenzake. Utafiti mwingine wa taasisi hiyo hiyo, uliochapishwa mwaka wa 1998, ulidhihirisha hili kwa wagonjwa 91 wenye sarkoma kali ambao viungo vyao viliachwa. Mionzi ilipunguza mno kurudi kwa uvimbe mahali pake, lakini haikuongeza idadi ya waliobaki hai. Yaani mionzi iliuokoa mguu. Mapafu yalihitaji kitu kingine.

Hapa tuseme jambo ambalo husahaulika: si kila mgonjwa anayehitaji zote tatu. Uvimbe mdogo, ulio karibu na ngozi, wenye ukali wa kiwango cha 1, ukitolewa wote ukiwa umezungukwa na nyama safi, huenda usihitaji kitu kingine ila kisu. Kuongezewa mionzi na kemo katika hali hiyo ni kumwongezea mtu mateso na madeni.

Mionzi kabla au baada?

Kwa wanaohitaji mionzi, swali ni wakati. Madaktari wa Kanada waliwagawanya wagonjwa 190 katika makundi mawili. La kwanza lilipewa mionzi kabla ya kupasuliwa, kiasi cha grei 50, grei ikiwa ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Kipimo hicho hutolewa kwa wiki tano. La pili lilipewa baada ya kupasuliwa, na hapo kiasi kilipanda hadi grei 66, ambacho huchukua zaidi ya wiki sita. Waliotangulizwa mionzi walipata matatizo ya kidonda mara mbili zaidi, asilimia 35 dhidi ya 17. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka wa 2002.

Ukisoma hapo tu utasema heri mionzi ije baadaye. Lakini wagonjwa hao walifuatiliwa zaidi, ikaonekana kwamba wale waliopewa mionzi baadaye, yenye kiasi kikubwa na iliyoelekezwa kwenye eneo pana, ndio walioelekea kubaki na mguu uliokakamaa, uliofura, na kiungo kisichokunjika vizuri. Kidonda kibaya husumbua kwa miezi, halafu kikapona. Mguu uliokakamaa haurudi hali yake. Ndiyo maana vituo vingi sasa hupendelea kutanguliza mionzi, hasa kwa vijana na kwa watu ambao riziki yao inategemea kusimama na kutembea. Yule ndugu yetu wa Gikomba, anayebeba marobota tangu alfajiri, lazima aulizwe kuhusu kazi yake kabla ya uamuzi. Mwenye kisukari, au mvutaji sigara, ambaye kidonda chake hupona kwa shida, naye atapimiwa kwa mizani nyingine.

Mionzi yenyewe, ambayo mitaani watu huiita kuchomwa, haiumi inapotolewa. Mgonjwa hulala kwenye kitanda cha mashine kwa dakika chache, Jumatatu hadi Ijumaa. Ngozi ya hapo hubadilika rangi na huenda ikachubuka kuelekea mwisho. Lililo zito kwa wengi ni zile wiki tano. Mashine hizi haziko kila mji. Katika hospitali za umma zipo, mathalani, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Mgonjwa anayetoka Lodwar au Mandera atahitaji mahali pa kulala na chakula kwa muda wote huo, na pengine mtu wa kumsindikiza. Gharama hizi hazimo kwenye risiti ya hospitali, nazo ndizo zinazoweza kumfanya mtu akatize matibabu katikati. Familia izihesabu mapema, kabla ya siku ya kwanza.

Ubishi wa kemo

Ikiwa kisu na mionzi vimekubalika, kemo ingali na ubishi wake. Dawa kuu ni doxorubicin, iliyotokana na bakteria waliopatikana kwenye udongo nchini Italia. Ni nyekundu kama sharubati, na humfanya mgonjwa akojoe mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili, jambo linalowashtua wengi wakadhani ni damu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba huudhoofisha moyo ikizidi kipimo, na kipimo hicho ni cha maisha yote. Aliyepewa dawa hii zamani kwa saratani nyingine ni lazima aseme. Mwenzake ni ifosfamide, ambayo hukikwaruza kibofu cha mkojo mpaka kikatoka damu, na ndiyo maana hutolewa pamoja na dawa nyingine ya kukilinda, mesna, na maji mengi ya dripu.

Je, kemo huokoa maisha? Mnamo 1997 wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti 14 zenye wagonjwa 1,568 ambao baadhi yao walipewa doxorubicin baada ya upasuaji. Baada ya miaka 10, waliopewa dawa walikuwa na nafasi zaidi ya kutorudiwa na ugonjwa. Kwa upande wa uhai, faida ilikuwa watu 4 kwa kila 100, nayo haikuweza kuthibitishwa kwa uhakika. Si jambo la kupiga vigelegele, wala si la kutupa.

Hapo ndipo wengine walipofikiria kuzitumia zote tatu kwa pamoja, kwa nguvu, na kwa wale tu walio katika hatari kubwa. Katika Massachusetts General Hospital, mjini Boston, wagonjwa 48 wenye sarkoma kali za mikono na miguu zenye sentimita 8 au zaidi walipewa awamu tatu za kemo ya dawa kadhaa kwa mpigo. Katikati ya awamu hizo waliwekwa kwenye mionzi, ikagawanywa mara mbili, grei 22 na grei 22. Kisha wakapasuliwa, uvimbe ukatolewa, na waliporudi nguvu wakapewa kemo nyingine. Mwaka wa 2003 ilielezwa kwamba baada ya miaka mitano asilimia 87 walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 58 ya wagonjwa wa awali waliofanana nao.

Tarakimu hizo zinavutia, lakini msomaji makini ataona kasoro: hawakugawanywa kwa kura, walilinganishwa na watu wa zamani. Mpango huo ulipopelekwa katika hospitali nyingine za Marekani, picha kamili ikaonekana. Kati ya wagonjwa 64 waliohesabiwa katika ripoti ya mwaka wa 2006, 53 walipata madhara ya kiwango cha nne, yaani yale ya kuhatarisha maisha, mengi yakiwa ya damu kupungukiwa na chembechembe zake. Watatu walifariki kutokana na matibabu yenyewe. Ni kama sita tu katika kila kumi walioweza kumaliza kemo ya baada ya upasuaji. Hata hivyo, robo tatu ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miaka mitatu, na wengi wakiwa na miguu yao.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, somo la tarakimu hizo linatuhusu sana sisi. Matibabu mazito ya aina hii si ya kufanywa mahali popote penye dripu na kitanda. Yanahitaji hospitali yenye damu ya akiba, dawa za kuua viini, maabara inayotoa majibu siku hiyo hiyo, na wadi ambayo mgonjwa atapokelewa usiku wa manane. Kwa mgonjwa wa kemo, homa ya nyuzi 38 si ya kumeza panadol na kungoja asubuhi. Ni ya kukodi gari usiku huo huo. Yule mgonjwa wa Gikomba akiambiwa atapewa zote tatu, amwulize daktari swali moja: nikipata homa Jumamosi usiku, niende wapi na nimwambie nani?

Tangu hapo mipango imelegezwa kidogo. Utafiti ulioongozwa na Dkt Alessandro Gronchi wa Milan, na kuchapishwa mwaka wa 2017, ulitumia awamu tatu tu za kemo kabla ya upasuaji, kwa epirubicin, ambayo ni ndugu ya doxorubicin, pamoja na ifosfamide. Ulilinganisha mchanganyiko huo na dawa zilizoteuliwa kufuatana na aina ya sarkoma, na mchanganyiko wa kawaida ndio uliofanya vyema. Kwa hivyo mtu mwenye uvimbe mkubwa, wa ndani, wa ukali wa kiwango cha 3, anaweza kabisa kushauriwa aanze na kemo. Usiidai kwa kuwa jirani alipewa. Usiikimbie pia kwa kuwa jirani alitapika.

Watoto ni habari tofauti kabisa, na ni habari njema zaidi. Sarkoma inayowapata zaidi, inayofanana na misuli michanga, iitwayo rabdomayosarkoma, husikia kemo vizuri mno. Huweza kutokea kando ya jicho, shingoni, au kwenye kibofu, si mguuni tu. Kabla ya kemo, watoto wengi waliougua walifariki hata walipopasuliwa vizuri. Marekani ilianza tafiti zake kubwa mwaka wa 1972 za kuunganisha kemo, mionzi na upasuaji, na katika nchi tajiri sasa takriban watoto saba katika kumi hupona. Moja ya dawa hizo, vincristine, hutokana na mmea wenye asili ya Madagaska ambao watu wa Pwani huupanda bustanini kwa ajili ya maua yake. (Usiuchemshe. Majani hayo yana sumu.) Kwa watoto kemo ni ya lazima, na mzazi asikubali kuambiwa kwamba kisu kimetosha.

Zipo pia sarkoma za ndani ya tumbo, nyuma ya matumbo, ambazo hukua hadi kumfanya mtu aonekane mjamzito. Huko upasuaji ndio tegemeo. Utafiti wa Ulaya wa wagonjwa 266, uliotolewa mwaka wa 2020, haukuona faida ya jumla ya kutanguliza mionzi.

Pesa na makaratasi

Tangu Oktoba 2024 malipo ya hospitali yaliyokuwa yakishughulikiwa na NHIF yamo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kuna fungu la matibabu ya saratani, na kiwango chake kimekuwa kikibadilishwa, kwa hivyo uliza kwenye dawati la SHA la hospitali utakayotibiwa, wala usitegemee ulichosikia mwaka jana. Uliza hasa kuhusu MRI na uchunguzi wa nyama, kwani ndiyo gharama ya kwanza, na ndiyo ambayo watu hujaribu kuiruka. Kuiruka ni kurudi kwenye lile shimo la kokwa ya avokado.

Kama tayari ulikwisha kupasuliwa, usikate tamaa. Rudi ulikopasuliwa uombe vitu vitatu: maandishi ya upasuaji, ripoti ya maabara, na ile nyama yenyewe iliyohifadhiwa kwenye kipande cha nta. Nta hiyo hudumu miaka mingi, na mtaalamu mwingine anaweza kuikata upya na kuichunguza. Ikiwa nyama haikupelekwa maabara, liseme hilo wazi kwa daktari mpya, na usione haya kwa niaba ya yule wa kwanza.

Baada ya matibabu, mgonjwa hachiwi huru mara moja. Kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo huitwa kila baada ya miezi mitatu au minne, pakapapaswa pale palipokatwa, na kifua kikapigwa eksirei au CT. Kisha ni kila miezi sita hadi mwaka wa tano, halafu mara moja kwa mwaka. Wengine huona ni usumbufu na nauli bure kwa kuwa hawaumwi. Lakini vinundu vichache vya mapafuni vikigunduliwa vikiwa vidogo, mpasuaji anaweza kuvitoa, na kuna wagonjwa waliopona kwa njia hiyo. Vikingoja hadi mtu akohoe damu, aghalabu haviwezi kutolewa tena.